Tumwache Mfalme Suleimani apumzike

Ukitaka kujua kwamba komite ya amani imeishiwa maneno, subiri mtu amtaje Mfalme Suleimani. Mwaka wa nne huu ninakaa kwenye vikao vya wazazi walioachana hapa Bujumbura: Musaga, Kinama, Buyenzi, na mara mbili tatu nimefika hadi kambi ya Bwagiriza kumsindikiza kijana. Kazi yangu ni vijana, ndoa za watu siyo zangu. Lakini ukifanya kazi na vijana wa wakimbizi utajikuta tu mlangoni kwa wazazi wao. Kijana haonekani kwenye mpira Jumamosi, unauliza, kumbe baba kamzuia asirudi kwa mama, au mama kamficha kwa shangazi. Unaenda. Na karibu kila kikao, ugomvi ukishapanda, kuna mzee atakayekohoa kidogo na kuanza: walikuwepo wanawake wawili.

Wote tunaijua. Kwa Wakristo iko kwenye Wafalme wa Kwanza, sura ya 3. Wanawake wawili wanakaa nyumba moja, kila mmoja amezaa, mtoto mmoja anakufa usiku, asubuhi wanamgombania aliye hai. Mfalme anaagiza upanga ili akatwe katikati. Mmoja anasema sawa, kata. Mwingine anasema hapana, mpe yeye, mtoto aishi. Huyo aliyeachilia ndiye mama. Kule Buyenzi, penye Waislamu wengi, wanaisimulia kama ilivyopokewa na Abu Huraira kutoka kwa Mtume: mbwa mwitu amemchukua mtoto mmoja, Nabii Daudi anamhukumia mwanamke mkubwa, halafu Suleimani anaomba kisu, na yule mdogo anasema usifanye hivyo, mtoto ni wake. Suleimani anampa huyo mdogo.

Shule yangu imeishia sekondari, lakini kuna kitu kimoja mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa anakirudia na kimenibaki: ukisoma hadithi, angalia nani hayumo. Nataka kuisoma hii hivyo, maana inafanyishwa kazi nyingi mno kwenye vikao vyetu, na hii kazi ya wazazi walioachana naona haiiwezi.

Baba hayumo. Hata kutajwa hatajwi. Ni kesi ya mama na mama, na sisi tunaileta kwa mama na baba kana kwamba ni kitu kimoja. Halafu mtoto ni mchanga, hasemi, hana miaka 9, hana daftari la shule wala rafiki wa avenyu ya pili. Na kubwa kuliko yote, mmoja kati ya wale wawili ni mwongo. Hadithi nzima imejengwa kumtafuta mwongo. Upanga wenyewe ni mtego tu, mfalme hakuwa na nia ya kukata mtu. Kama hadithi ya kumnasa mwongo, mimi sijasoma inayoizidi: ni fupi, haina hata jina la mwanamke mmoja, na kila kitu kinageuka kwa sentensi moja. Ni kazi nzuri sana ya kusimulia, sina ubishi hapo.

Ila wazazi wanaokuja kwetu hakuna mwongo wa namna hiyo. Yule ni baba yake kweli na huyu ni mama yake kweli. Unapowawekea upanga wa Suleimani mezani umeshawaambia, bila kutamka, kwamba mmoja kati yao ni mzazi wa uongo na kikao kimekuja kumtafuta. Basi kila mmoja anaanza kuleta ushahidi dhidi ya mwenzake. Anakunywa. Analala nje. Alimwacha mtoto na homa siku tatu. Dada yake ni mchawi. Nimeona vikao vya saa nne vikienda hivyo, jua linazama, na hakuna aliyeuliza mtoto atalala wapi usiku ule.

Sasa nitaeleza kikao kimoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili watu hawa wasijulikane, ila maneno ya mama ni yake.

Walikimbia pamoja kutoka upande wa Uvira, wakaachana hapa mjini. Baba alioa tena, akakaa Musaga. Mama alipanga chumba Kinama, kaskazini kabisa, anauza dagaa. Kwa vile walipoandikishwa mwanzoni baba ndiye aliyekuwa mkuu wa familia, mtoto alibaki kwenye faili lake. Miaka ikapita, lile faili likaingia kwenye mpango wa kupelekwa Marekani. Wale mnaofanya kazi kwenye mashirika mnajua kinachofuata: mtoto hawezi kusafiri na mzazi mmoja hivi hivi huku mwingine yuko hai, anajulikana alipo na hajasema neno. Lazima ijulikane nani ana malezi, mzazi anayebaki asikilizwe, na wasipokubaliana, maslahi ya mtoto yapimwe peke yake kabla ya safari. HCR wana mwongozo wa hayo tangu 2008, ukaandikwa upya 2021. Mtaani sisi tunauita kwa neno fupi: kusaini.

Mama hakutaka kusaini. Kikao cha kwanza, cha pili, hakutaka. Cha tatu shemasi mmoja, mtu mwema ambaye hakuwa na ubaya wowote, akaitoa hadithi ya Suleimani. Akaimaliza vizuri, akamgeukia: mama mwenye upendo wa kweli ni yule anayeachilia.

Mama akajibu: "Muzee, miye nayo nasoma Biblia. Ule mama aliachilia, na mufalme akamurudishia mutoto wake palepale. Miye nikisaini, mutoto anaenda Amerika. Mufalme wa kunirudishia njo nani? Njo weye?"

Mwandishi wa komite aliacha kuandika. Bahati mbaya, maana hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kuandikwa. Nimesoma maelezo mengi ya hadithi ile, mengine ya mapadri, mengine ya watu wenye digrii, na sijaona aliyeisoma kwa umakini kama muuza dagaa yule. Ameona kinachoifanya ile hadithi isimame: kuachilia ni mtihani, na mtihani una zawadi. Mwanamke anaachilia, mfalme anasikia, mfalme anageuza hukumu. Ondoa hapo mfalme, uone kinachobaki: mwanamke amempoteza mwanawe kwa mwongo, kwa sababu alimpenda. Ni msiba huo. Na ile ya Abu Huraira inaumiza zaidi, kwa sababu yule mdogo alikuwa ameshashindwa mara moja mbele ya Daudi kabla ya Suleimani kuomba kisu. Sisi kwenye komite tunamwomba mzazi acheze nusu ya kwanza ya hadithi, na nusu ya pili hatuna wa kuicheza.

Tena angalieni ni nani anayeombwa kuachilia. Katika vikao nilivyokaa sijamwona akiombwa mwenye faili, mwenye kazi, mwenye nyumba ya vyumba viwili. Anaombwa yule asiye na kitu. Mara nyingi ni mama, lakini siyo mara zote. Nimemwona baba mmoja, mbeba mizigo sokoni, anaambiwa na familia ya mkewe wa zamani kwamba kama kweli anampenda binti yake asionekane tena pale, anamwaibisha shuleni na nguo zake. Wakamtolea Suleimani yuleyule. Hadithi iliyotungwa kumsifu mfalme mwenye hekima imekuwa fimbo ya kumnyamazisha aliye chini.

Mama alisaini kikao cha nne, Desemba 2024. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa. Baba alikuwa ameshauza kitanda na redio. Mtoto hakwenda popote, yuko Musaga, basi mbili kutoka kwa mama yake. Lakini karatasi ipo. Mama alipokwenda kumchukua Jumapili, baba akasimama mlangoni: "Si ulisaini?" Karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya Marekani ikaanza kutumika Musaga.

Baada ya hapo nilianza kutafuta hadithi nyingine. Namaanisha kutafuta kabisa, kwenye vitabu na kwenye simu za marafiki, kwa sababu naamini komite huamua kulingana na hadithi iliyo nayo kichwani. Ukiwanyang'anya moja bila kuwapa nyingine watarudi kwa ileile.

Ya kwanza kuipata ilikuwa tamthilia ya Bertolt Brecht, Le Cercle de craie caucasien, yaani mduara wa chaki wa Kaukazi. Brecht alikuwa mkimbizi kama sisi. Alitoka Ujerumani mwaka 1933 na hii aliiandika Marekani mwaka 1944, vita bado vinaendelea. Aliichukua kutoka kwa mchezo wa zamani wa Wachina ambao ni ndugu wa hadithi ya Suleimani: hakimu anachora mduara kwa chaki, mtoto anawekwa katikati, wanawake wawili wanamvuta mikono, na asiyethubutu kumvuta ndiye mama. Brecht akaigeuza. Kwake, mama aliyemzaa, mke wa gavana, alimsahau mtoto siku ya mapinduzi kwa kuhangaika na magauni yake. Aliyembeba ni Grusha, mtumishi wa jikoni. Grusha anapanda naye milima, anakimbizwa na askari, ananunua maziwa kwa bei ya wizi, anakubali kuolewa na mtu anayedhaniwa yuko kwenye kufa ili tu mtoto apate jina na paa. Miaka baadaye mama mzazi anamtaka, kwa sababu bila mtoto hapati mali ya marehemu. Hakimu ni Azdak, mlevi, mla rushwa. Anachora chaki. Mama mzazi anavuta. Grusha anaachilia. Azdak anampa Grusha.

Siwezi kueleza jinsi Grusha anavyosomeka kwa mtu wa Uvira au Bukavu. Februari 2025 watu walipokuwa wanavuka Rusizi na kulundikana kwenye uwanja wa Rugombo, walikuwepo akina Grusha pale, wasichana wa miaka 16 wenye watoto mgongoni ambao hawakuwazaa. Kuna mabibi kambini wanalea wajukuu watano, na siku mzazi anapotokea na faili lake, bibi anaulizwa karatasi. Brecht anasema waziwazi kitu ambacho komite zetu hukisema kwa kunong'ona, kwamba aliyelea ana haki. Na anachekesha, hilo tusilisahau. Azdak, alipoombwa kuachanisha wazee wawili waliochokana, anamwachanisha Grusha na mume wake badala yao, eti kwa kukosea karatasi. Nimecheka peke yangu kwenye basi.

Hata hivyo, hata Brecht hanifikishi ninapotaka. Amebadilisha mshindi, mduara ameuacha. Bado kuna mzazi mbaya na mzazi mwema, na amehakikisha hatukosei kumjua mbaya: yule mwanamke hana hata sentensi moja ya kumwonea huruma. Ni rahisi kuwa hakimu mwenye hekima ukiandikiwa mama anayependa magauni kuliko mwana. Azdak angefanya nini na muuza dagaa wa Kinama na fundi seremala wa Musaga, wote wanaamka usiku mtoto akikohoa? Mwisho wa tamthilia Azdak anamshauri Grusha aondoke mjini na mtoto. Ndiyo hivyo. Ugomvi unakwisha kwa kuhama. Mkimbizi anaelewa suluhisho hilo kuliko mtu yeyote, na anajua pia bei yake.

Michezo yetu wenyewe kambini nayo nitaisema, maana ndiyo watu wanaiona kuliko Brecht. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, vikundi vya vijana vinaigiza. Nimesaidia kuandaa mingine kwa hiyo nasema kama mtu wa ndani. Ukiwa na mchezo wa wazazi walioachana, baba ni mlevi anayeyumba kwa dakika mbili (watu wanacheka sana hapo), mama analia, mtoto anakaa chini ameshika kichwa, kisha anaingia kiongozi mwenye koti, anasema maneno manne, wanapeana mikono, ngoma. Wageni wanapiga makofi. Yule kiongozi mwenye koti ni Suleimani tu, kavaa koti. Na mlevi anayeyumba amewaachia akina baba wote wasiokunywa waende nyumbani wakijua kwamba mchezo haukuwahusu.

Kilichonisogeza zaidi ni filamu moja ya Iran, Une séparation ya Asghar Farhadi. Ilipata Dubu wa Dhahabu Berlin mwaka 2011 na Oscar mwaka 2012. Mimi niliitazama kwenye simu yenye ufa, maandishi ya Kifaransa chini, umeme ukikatika mara tatu. Simin anataka kuhama nchi na binti yao Termeh, visa ipo na ina mwisho wake. Nader hawezi kuondoka, baba yake mzee amepoteza kumbukumbu. Hapo kwenye dakika za mwanzo mimi nilishajisemea: hii ni Musaga. Mmoja ana safari, mwingine ana sababu ya kubaki, na mtoto wa miaka 11 yuko katikati.

Farhadi anafanya kitu ambacho Brecht hakukifanya. Kila ukijiandaa kumchukia mmoja, anakuonyesha alichokuwa amebeba. Nader ni mkaidi na ni mwana mwema. Simin ana haraka na yuko sahihi kuogopa. Termeh anajifunza kusema uongo kwa ajili ya baba yake, mbele ya hakimu, na uso wake baada ya hapo ndio uliofanya nisimamishe filamu nikanywe maji. Wote wawili wanamtumia, wote wawili wanampenda, na filamu haikubali uchague moja kati ya hayo.

Mwisho wake, hakimu anamuuliza Termeh atakaa na nani. Anasema ameshaamua. Anaomba wazazi watoke nje. Wanatoka, wanakaa kwenye korido, mmoja upande huu wa kioo, mwingine upande ule, na majina ya waigizaji yanaanza kupita. Jibu hatulisikii.

Rafiki yangu niliyemwonyesha alikasirika: wametudhulumu mwisho. Mimi naona Farhadi alikataa kutufanya mahakimu. Angetupa jibu tungesema aah, kumbe baba ndiye, au kumbe mama ndiye, na tungelala usingizi. Anatuacha kwenye korido na wazazi, na korido ndiyo mahali pa kweli pa jambo hili. Anatuonyesha pia ukatili ambao vikao vyetu vinaufanya bila kujua. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unasema kwenye ibara ya 12 mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kusikilizwa na kuchaguzishwa ni vitu viwili. Nimemwona mzee wa komite akimsimamisha mtoto wa miaka 8 katikati ya duara la watu wazima kumi na mbili: "Sema, unamupenda nani?" Hakukuwa na chaki, ila mduara ulikuwepo. Ibara ya 9 ya mkataba huohuo inasema mtoto aliyetengana na mzazi mmoja au wote ana haki ya kuendelea kuonana nao, isipokuwa kama kuonana huko kunamdhuru. Haki hiyo ni ya mtoto. Kwenye vikao tunaigawa kama nyama, huyu apewe paja, huyu apewe mgongo.

Hilo neno la kudhuru nilisimamie kidogo. Yote ninayoandika hapa ni ya wazazi wanaogombana, hata kwa ukali. Kuna wengine ambao mmoja anampiga mwingine, au anamtisha, au anampiga mtoto. Hao hawakalishwi meza moja, na anayewakalisha kwa jina la amani anamrudisha mtu kwenye kipigo. Huko kuna njia nyingine, kuna watu wa ulinzi, kuna polisi. Mkiona mama ananyamaza kikao chote huku anaangalia mikono ya baba, simamisheni kikao.

Sasa hao wengine, wanaogombana tu. Warundi wenye umri mkubwa kuliko wangu hawajausahau mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kutengenezwa na Studio Ijambo kuanzia mwaka 1997, vita vikiwa vimepamba moto. Familia mbili jirani, moja ya Kihutu, nyingine ya Kitutsi. Mimi sikuusikia ukipigwa, nimesimuliwa tu na majirani wa Nyakabiga, na kilichonivutia ni umbo lake. Ulikuwa mchezo wa vipande, unaendelea na kuendelea. Leo majirani wamegombana, kesho mtoto wa mmoja anaumwa na mwingine ana baiskeli. Hakuna mfalme anayekuja kumaliza, maana ukimaliza leo redio itapiga nini wiki ijayo? Nadhani wazazi walioachana wanahitaji umbo hilo. Talaka ina siku ya mwisho, hukumu ina siku ya mwisho. Malezi ya mtoto wa miaka 9 yana miaka mingine tisa ya Jumatano.

Ndivyo tulivyoanza upya na wale wa Musaga na Kinama, mimi na mama mmoja wa komite anayejua kunyamaza kuliko mimi. Tulimsikiliza kila mmoja peke yake, mara mbili, kabla ya kuwakutanisha. Hatukuuliza nani mzazi bora. Tuliuliza Jumatano anavaa nini, daftari linalala wapi, akiumwa usiku nani anapigiwa kwanza. Kwa maswali hayo hata mtu mwenye hasira anajibu, kwa sababu anayajua, na akijibu mwenzake anasikia kwamba anayajua. Ikatoka karatasi, ya mkono, ukurasa mmoja. Inasema mtoto yuko kwa mama kuanzia Ijumaa hadi Jumapili na Jumatano jioni. Makabidhiano ni dukani kwa mzee mmoja karibu na kituo cha basi, wazazi hawafiki milangoni kwa kila mmoja. Mtoto hatumwi maneno, hakuna "mwambie baba yako". Ile karatasi ya Desemba 2024 haihusu mambo ya hapa Bujumbura. Wote wawili wameandika hivyo na kuweka saini.

Kuna kipengele kimoja ambacho mtu wa nje angekiruka, nacho ndicho kimeokoa mambo: kuchelewa saa moja kwa ajili ya basi siyo kosa. Kutoka Musaga hadi Kinama unakata mji mzima, na kwa hii shida ya mafuta tuliyo nayo unaweza kusimama kituoni mpaka miguu iote mizizi. Mama anangoja, mtoto haji, anasema amefanya makusudi. Baba amebanwa kwenye foleni na mtoto ana njaa, simu imezimika. Ugomvi mkubwa wa Februari ulianzia kwenye petroli, nao wakaubatiza jina la ukatili.

Kwa nyinyi wa mashirika nina ombi moja, na ni la mtu anayesoma maandishi. Fomu nayo ni hadithi. Fomu moja niliyoiona ilikuwa na mstari mmoja: mtoto anaishi na nani? Nafasi ya jina moja. Kambini, ambako karatasi inahesabu vichwa kabla ya kugawa chakula, jina hilo moja lina uzito wa kilo za unga, na wazazi wanalipigania kama lilivyo. Mtoto anayelala siku nne huku na tatu kule hana mahali kwenye mstari ule, na mzazi wa siku tatu anatoka ofisini akiwa ameambiwa hayupo. Ongezeni mstari wa pili. Wino siyo ghali.

Na nyinyi wa vikundi vya maigizo, Juni inakuja. Tuandikie mchezo ambao baba hanywi na mama halii. Wekeni duka, benchi, basi lisilokuja, mtoto mwenye begi, na watu wawili wasiotaka kutazamana. Wape dakika ishirini. Msimwingize mtu mwenye koti.

Wale wa Musaga na Kinama bado hawasalimiani vizuri. Pale dukani baba hutazama upande wa soda. Lakini mtoto amerudi kwenye mpira, Jumamosi mbili mama yake ndiye aliyemleta, na moja baba. Kikao kijacho ni mwisho wa mwezi. Jambo la kuzungumza ni viatu: amekua, vya zamani vinambana, na kila mmoja anadai zamu ya kununua ni ya mwenzake.